Kabla hujamtumia huyo jamaa elfu 20, soma kwanza yaliyonikuta mimi

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua laptopu used, fundi akakupigia Windows na Office kwa elfu 15, wiki ya tatu kioo kimeanza kukuandikia pale kwenye kona kwamba Windows haijaaktivetiwa, antivairasi nayo inapiga kelele kuna kirusi kwenye folda ambayo hata huijui, na sasa kuna jamaa huko Telegram anakuuzia namba ya leseni "ya maisha" kwa elfu 20, unauliza umtumie au usimtumie. Jibu fupi usimtumie. Jibu refu ndo hili, vuta kiti, maana hapo umenigusa penye kidonda.

Mimi nina steshenari karibu na chuo, Morogoro, tangu 2011. Nilianza na mashine mbili na printa moja ya kukohoa, na sikudanganyi, kila kitu kilichokuwa mle ndani kilikuwa cha kukraki, yani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli la leseni ili itumike bure. Windows ya kukraki, Office ya kukraki, programu ya kudizaini kadi za harusi ya kukraki, hata antivairasi yenyewe ilikuwa ya kukraki, yani mlinzi ameingia ndani kwa kuruka ukuta. Wala sikuona ajabu, kila niliyemjua alikuwa hivyo hivyo. Unampigia fundi, anakuja na fleshi yake ile ile anayozunguka nayo mtaa mzima, anachomeka, anakwambia zima antivairasi kwanza, unazima, dakika 40 baadae unampa hela yake na soda. Ile fleshi leo imeingia mashine ngapi? Hata yeye hajui.

Na hapo kwenye "zima antivairasi kwanza" ndo pana mambo. Vile vidude vya kuaktiveti, vile vinavyojulikana sana, kazi yake ni kuigiza. Kampuni kubwa na vyuo wana sava yao ya ndani ambayo ndo inazipa kompyuta zao ruhusa, kila ruhusa inadumu siku 180 halafu inaombwa upya, sasa kile kidude kinajifanya ndo hiyo sava na Windows yako inadanganyika. Antivairasi inakiona inapiga kelele, fundi anasema hiyo ni kelele ya bure kwa sababu ni kraki, na tatizo ni kwamba wakati mwingine ni kweli! Ni kelele ya bure. Mara tisa hakuna kitu, ya kumi kuna kitu, na zote kumi antivairasi imepiga kelele ile ile na wewe umeshazoea kuinyamazisha.

Ya kumi yangu ilikuja Julai 2020. Mnakumbuka vyuo vilifungwa kwa corona vikafunguliwa tarehe 1 Juni, basi wanafunzi walirudi na haraka zao zote, risechi za miezi mitatu wanataka kuzimaliza kwa wiki tatu, steshenari inafungwa saa sita usiku na bado kuna mtu amesimama mlangoni ameshika fleshi. Kwenye ile haraka programu yangu ya kudizaini ikagoma, ikasema leseni si halali. Nikaingia Google nikatafuta kraki mpya, nikapata tovuti moja ina vitufe vitano vya kudaunilodi, vinne vya uongo, mimi nikajisifu kwamba nimekijua cha kweli. Nikazima antivairasi, nikaiweka kwenye mashine ya kwanza, nikaibeba kwa fleshi nikaiweka na kwenye ya pili ili dogo anayenisaidia naye aendelee na kazi.

Mashine ikaniletea kidirisha kwamba Windows inaapdeti, tafadhali subiri. Nikasubiri. Nikaenda zangu kunywa chai. Hebu fikiria mtu anaibiwa huku amekaa anasubiri kwa adabu mwizi amalize, maana ile haikuwa apdeti, ilikuwa inafunga mafaili yangu moja baada ya jingine. Nimerudi kila faili limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina, hakuna linalofunguka, na kila folda ina karatasi moja imeandikwa _readme.txt. Ndani Kiingereza cha kibiashara kabisa: mafaili yako yamefungwa, lipa dola 980, ukitutafuta ndani ya saa 72 tunakupa nusu bei, dola 490. Wezi wana punguzo! Baadae nikaja kujua hiyo familia inaitwa STOP au Djvu, na njia yake kubwa ya kusambaa ni hiyo hiyo ya kraki. Haimtafuti tajiri, inamtafuta mtu kama mimi na wewe, ambaye hana hela ya leseni ila ana vitu asivyotaka vipotee.

Sasa sikiliza hii, na mpaka leo nikiisimulia kijiweni watu wanadhani nimeitunga. Mashine ya kwanza ilikuwa kwenye hotispoti ya simu yangu, ina bando. Ya pili haikuwa na intaneti kabisa maana bando la dogo lilikuwa limeisha asubuhi ile, na nilikuwa nimemgombeza kwa kulimalizia YouTube. Kumbe kirusi hiki kikipata intaneti kinaenda kuomba ufunguo wa kufungia mafaili, wa peke yako, kutoka kwa wezi wenyewe, kikikosa kinatumia ufunguo wa akiba ambao kimekuja nao, na huo wa akiba unatumika kwa watu wengi, kwa hiyo ukijulikana wa mmoja mmepona wote. Namba yako ya utambulisho, ile iliyoandikwa kwenye _readme.txt, ikiishia na t1 ndo una ule wa akiba. Ya kwangu mashine ya pili ikaishia na t1. Kampuni moja ya usalama, Emsisoft, inatoa programu ya bure ya kufungua, nikawa naijaribu kila baada ya wiki mbili, mwezi wa kumi na moja ikakubali, mafaili yakafunguka yote. YouTube ya dogo ndo iliniokoa. Mashine ya kwanza, ile yenye bando, ndo ilikuwa na risechi za watu, na hiyo haijafunguka mpaka kesho.

Kuna dada mmoja alikuwa ameacha risechi yake kwangu nzima, fleshi yake ilikuwa imeshakufa, akanikabidhi akijua kwangu ndo salama. Nilimwambia hapo hapo mlangoni. Hakupiga kelele, aliuliza tu "sura ya nne nayo?" Nikasema na ya nne. Kesho yake akaja na nakala ya karatasi ambayo supavaiza alikuwa ameichorachora na peni nyekundu, tukakaa mimi na dogo tukaichapa upya kwa zamu siku mbili, bure kabisa, na maandishi mekundu tukawa tunauliza hili neno gani, hili neno gani.

Halafu mwizi wa pili akaja, na huyu ndo ndugu yake huyo wako wa Telegram. Katika kuhangaika niliandika tatizo langu kwenye kundi moja la Facebook, haikupita saa moja watu watatu wakaja na maneno yanayofanana, "mtafute fulani alinisaidia mimi, Mungu ambariki". Nikamtafuta. Mpole, anajibu haraka, akanitumia mpaka skrinishoti ya faili la mteja mwingine alilolifungua. Laki moja na nusu. Wakati natuma hela jina lililokuja kwenye simu ni la mwanamke, na mimi nilikuwa naongea na mwanaume mwenye sauti nzito, nikamuuliza, akasema laini ya mke wangu. Nikabonyeza 1. Baada ya siku mbili akataka elfu 80 nyingine ya sava. Nilipouliza sava ya nini akaniblok. Kituo cha polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa, mambo yakaishia hapo. Mwenye ile laini ukute ni mama wa watu huko kijijini, siku moja wakala alimwambia "weka kidole tena mama, haijasoma", na mara ya pili hakuwa anasajili laini yake. Hebu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, unaweza kushangaa. Na namba ya tapeli unaituma 15040, ni TCRA hiyo, mamlaka ya mawasiliano, hela hairudi lakini namba angalau inafuatiliwa.

Najua kuna wakuu humu mtasema si ungenunua halali toka mwanzo. Nilinunua! 2016 nilinunua programu ya mahesabu, laki nne na nusu taslimu, kwa wakala Dar, na risiti. Ilikuja na kidude cha kuchomeka kama fleshi, bila hicho kidude programu haifunguki. Siku dogo anafagia, goti likakigonga, kikavunjika shingo. Nikampigia wakala nikijua nitalipia kidude tu. Hapana, nunua upya bei ile ile, maana kwa maneno yake "leseni ni hicho kidude, si wewe". Madeni ya wateja wangu yako mle ndani, ni hesabu zangu mwenyewe, siwezi hata kuzitoa kwenye karatasi. Niliyaandika kwa kumbukumbu, na wengine walikumbuka pungufu kidogo kama mnavyojua. Jirani yangu wa duka la vipuri alikuwa na programu hiyo hiyo ya kraki, haina kidude, haijawahi kumsumbua hata siku moja, akawa anaendelea kuuza ananiangalia.

Kwa hiyo sikulaumu na wala sitakuhubiria. Hizi kufuli za leseni anayezionja ni yule aliyelipa, aliyeiba ameshazing'oa. Na wenye kufuli nao si malaika: 2005 Sony BMG waliuza CD za muziki, ukiiweka kwenye kompyuta inajisakinishia programu ya kujificha ili usitoe kopi, akaigundua mtaalamu mmoja, Mark Russinovich, kwenye mashine yake mwenyewe, na haukupita muda mrefu watengeneza virusi wakaanza kujificha kwenye kivuli hicho hicho. Na hapo mtu amenunua dukani kihalali.

Turudi kwako. Hiyo namba ya elfu 20 mara nyingi ni namba ya kampuni au shule fulani, imevuja au imeibiwa, inauzwa kwa watu mia. Inakubali kweli, ndo maana jamaa anakutumia ushahidi, halafu wenyewe wakiigundua wanaifunga. Mimi niliwahi kununua ya hivyo, ilidumu miezi saba, muuzaji akawa ameshabadilisha jina.

Ila mkuu inawezekana kabisa hauhitaji kununua chochote. Hizi laptopu used nyingi ni za maofisini huko Ulaya na Marekani, zilitoka kiwandani na Windows yake, na kuanzia enzi za Windows 8 namba ya leseni inakaa ndani ya baiosi, ile programu ndogo ya kuwashia mashine iliyo kwenye bodi yenyewe, haifutiki hata ukifomati. Kama yako ilitoka na Windows 10, unaweka Windows safi kutoka kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, toleo lile lile (Home kwa Home, Pro kwa Pro, hapa ndo mafundi wengi wanakosea), unaunga intaneti inajiaktiveti yenyewe bila namba. Fundi wako alikuwa na fleshi moja ya kila mtu, akabandika kraki juu ya mashine ambayo ukute leseni yake imo ndani imelala. Pia angalia prosesa, Windows 10 msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, kama yako ni ya 6 au 7 hiyo ni habari nyingine, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, nikaendelea na maisha.

Office achana nayo kwa sasa, weka LibreOffice, ni bure. Ina kero zake, faili la mtu wa Office likifunguliwa huku jedwali linaweza kuhama na maandishi yakaruka ukurasa, kwa hiyo ya kuprinti geuza kwanza PDF. Lakini usisakinishe chochote juu ya hiyo Windows ya kraki iliyopo. Toa nyaraka zako pekee, usitoe programu yoyote, fomati diski nzima, na pasiwedi za emaili na za benki badilishia kwenye simu, siyo hapo, maana baadhi ya hivi virusi vinaiba pasiwedi kwanza ndo vinafanya mengine. Kopi ya nyaraka iweke kwenye diski ambayo haikai imechomekwa. Mimi nina mbili siku hizi, na ile ya zamani yenye risechi za watu bado iko kwenye droo, nimeiandika kwa maka peni USIFUTE, nikikumbuka naijaribu.

Sasa pindua laptopu yako uandike hapa modeli, nikuambie ilitoka na Windows gani. Na kama utaweka picha ya stika, funika zile namba kwa kidole, humu wapo wanaopita kimya kimya.