Kumaliza mkopo wa nyumba kabla ya wakati kwa mishahara ya kawaida

Dada uliyeuliza kama familia yenye mishahara miwili ya kawaida hapa Nairobi inaweza kumaliza mkopo wa nyumba wa miaka 15 kabla ya muda wake, bila watoto kukosa karo wala lishe nzuri, jibu langu ni kwamba inawezekana. Mimi na mke wangu tumo katika miaka ya mwisho ya kulipia nyumba yetu ya Imara Daima, na tutamaliza mapema kuliko mkataba ulivyotaka. Walionitangulia kukujibu wamezungumzia zaidi kubana matumizi. Mimi nitaanza na mkopo wenyewe, kwa sababu shilingi uliyookoa sokoni haina faida kwa nyumba yako mpaka ifike kwenye deni la msingi, yaani kiasi ulichokopa bila riba, tena ifike mapema.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 4 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, inayokokotolewa kwa salio linalopungua (yaani kwa deni lililobaki tu), kwa miaka 15. Malipo ya kila mwezi yanakaribia shilingi 50,600. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, riba inachukua takriban 43,300, na deni lenyewe linapungua kwa 7,300 tu. Ukienda hivyo hadi mwisho, utakuwa umelipa zaidi ya milioni 9. Ukiongeza shilingi 5,000 kila mwezi tangu mwanzo, utamaliza baada ya miaka 11 na miezi kadhaa. Ukiongeza 10,000, utamaliza kabla ya mwaka wa kumi kwisha, na riba utakayoepuka itakuwa karibu milioni 2. Ndiyo maana ninakusihi usisubiri mshahara upande. Elfu kumi ya mwaka wa kwanza inazuia riba ya miaka yote iliyobaki, ilhali elfu kumi ya mwaka wa 13 haina muda wa kuzuia chochote cha maana.

Kabla ya kutuma nyongeza yoyote, soma barua ya mkopo uone kama kuna ada ya kulipa mapema, kisha uiandikie benki kwamba kila fedha inayozidi malipo ya mwezi ikatwe kwenye deni la msingi, na kwamba unataka muda wa mkopo ndio upungue, si kiasi cha malipo. Nasisitiza maandishi kwa sababu benki yetu iliziacha nyongeza zetu za mwanzo kwenye akaunti kama malipo ya miezi ijayo, na riba ikaendelea kutozwa kwa deni lilelile hadi tulipodai taarifa kamili ya mkopo na kuonyesha tofauti. Omba taarifa hiyo kila robo mwaka na uihakiki mstari kwa mstari.

Fedha za kwanza za nyongeza hazikutoka jikoni, zilitoka kwenye kodi. Anayelipia nyumba anayoishi mwenyewe, kwa mkopo wa taasisi inayotambuliwa na sheria, anaruhusiwa kuondoa riba kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 30,000. Kwa anayekatwa kodi ya asilimia 30, hizo ni hadi shilingi 9,000 zinazobaki mfukoni kila mwezi. Peleka cheti cha riba kutoka benki yako kwa mwajiri wako. Nimeshangaa kuona ni wafanyakazi wangapi wenye mikopo ambao hawajawahi kukipeleka.

Jambo jingine ni riba inayopanda na kushuka. Benki Kuu ilifikisha kiwango chake cha riba, ambacho benki hukitazama zinapopanga riba ya mikopo, asilimia 13 mnamo Februari 2024, kisha ikaanza kukishusha mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Benki inapopunguza malipo yako ya mwezi kwa sababu hiyo, usiyapunguze wewe. Endelea kulipa kiasi cha zamani, kwa kuwa nyumba imeshakizoea, na tofauti yote iende kwenye deni.

Sasa nije nyumbani. Tuliangalia kwanza matumizi makubwa, na kwetu yalikuwa gari na chakula. Gari tuliliuza. Mimi hupanda treni ya Syokimau asubuhi kutoka kituo cha Imara Daima hadi stesheni ya mjini, na nauli ya mwezi mzima haifiki nusu ya mafuta tuliyokuwa tukinunua, achilia mbali bima, maegesho na fundi. Uamuzi huo mmoja ulizidi akiba zote ndogondogo tukizijumlisha. Ninajua hautamfaa kila mtu, hasa mwenye mgonjwa nyumbani au anayefanya kazi ya usiku.

Katika chakula, hatukupunguza kiasi wala ubora. Tulibadilisha mahali pa kununua na namna ya kupika. Mahindi, ndengu na maharagwe tunanunua Nyamakima kwa magunia, tukigawana na majirani wawili. Viazi, vitunguu na karoti tunavifuata Marikiti alfajiri ya Jumamosi, lakini sukuma, managu na dania bado tunanunua kwa mama mboga wa mtaani, kwa sababu mboga za majani hazingoji, na mtu akizinunua nyingi huishia kuzitupa. Maharagwe ndiyo yaliyotuokolea gesi. Ijumaa jioni mke wangu huyamwaga kwenye sinia, watoto wakachagua mawe na yaliyotobolewa, kisha yanalowekwa hadi asubuhi. Maji yale humwagwa, na maharagwe huchemshwa kwa sufuria ya presha bila chumvi mpaka yabonyee kati ya vidole. Yakishapoa tunayapima kwa bakuli, kila bakuli likiwa mlo mmoja, na kuyagandisha kwenye friji. Siku za kazi kinachobaki ni kukaanga kitunguu na nyanya. Mtungi wa kilo 13 unadumu sana, na, muhimu zaidi, hakuna jioni ambayo uchovu unatusukuma kuagiza chipsi na kuku.

Stima nayo inastahili kuangaliwa. Tangu Aprili 2023, anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi, anayefika 100 na anayezidi 100 wanatozwa bei tofauti kwa kila uniti, na kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu. Kwetu, hita ya bafu na pasi ndizo zilizotuvusha 100. Kupunguza muda wa kuoga na kupiga pasi mara moja kwa wiki kulitosha kuturudisha chini.

Yapo mambo ambayo sikushauri uyaguse. Bima ya afya usiikate. Akiba ya dharura ya matumizi ya miezi mitatu iwekwe kwanza kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund), ambako unaweza kuitoa ukiihitaji, kwa sababu fedha ikishaingia kwenye mkopo huwezi kuitoa siku kazi ikikatika. Michango ya matanga, harusi na matibabu ya jamaa tuliipangia kiasi maalumu cha kila mwezi, na tukawaeleza ndugu zetu waziwazi. Walioelewa ni wengi kuliko tulivyotazamia. Nyongeza yenyewe iwe agizo la kudumu la benki, itoke siku ileile mshahara unapoingia, kwa maana inayongoja mwisho wa mwezi haifiki.

Mwisho, tenga mapema gharama ya wakili na usajili wa kuondoa rehani, yaani haki ya benki juu ya nyumba, kwenye hati miliki. Salio likifika sifuri, benki haikuondolei rehani hiyo bila wewe kufuatilia, na mpaka iondolewe katika masjala ya ardhi, huwezi kuiuza nyumba wala kuwarithisha watoto bila vikwazo. Sisi tumeshaanza kuuliza viwango vya mawakili, na ukifika hapo nitakueleza tulichokipata.