Maswali ya wasomaji: Pikoboli kwa anayeanza

SWALI: Shuleni kwetu kuna uwanja wa mpira wa wavu tu, wa saruji. Je, unafaa kwa pikoboli?

JIBU: Unafaa sana. Uwanja wa mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, na wa pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira juu ya wavu kwa vibao vya mkononi, ni mita 13.41 kwa 6.10. Ukiuchora katikati, nyuma zinabaki zaidi ya mita mbili za kukimbilia na pembeni karibu mita moja na nusu. Ni vipimo vile vile vya badimintoni ya wawili kwa wawili, kwani mchezo huu ulizaliwa mwaka 1965 juu ya uwanja wa badimintoni, katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani.

Wavu ukae juu ya mstari wa katikati uliopo. Toka hapo pimeni mita 2.13 kila upande, mchore mstari wa kukata uwanja. Eneo kati ya mstari huo na wavu ndilo wachezaji huliita jikoni. Mstari wa nyuma uwe mita 6.71 kutoka kwenye wavu. Nafasi kati ya mstari wa jikoni na wa nyuma igaweni kwa urefu, mpate visanduku viwili vya upana wa mita 3.05. Jikoni haligawiwi. Kuhakikisha pembe hazijapinda, pimeni mshazari wa nusu uwanja: lazima utoke mita 9.06.

Wavu wenu wa sasa hautasaidia hata mkiushusha. Matundu yake ni ya sm 10, na mpira wa pikoboli una kipenyo cha sm 7.4 hivi, kwa hiyo utapenya na mtabishana mchana kutwa. Tafuteni wavu wa badimintoni, mfunge sm 91 pembeni na sm 86 katikati.

SWALI: Tuliozoea tenisi tunaambiwa kila tukianzisha mpira ni kosa. Tunakosea wapi?

JIBU: Bila shaka mnapiga kwa juu. Hapa mkono unatoka chini kwenda juu, mpira unagongwa chini ya kiuno, na kichwa cha kibao hakiruhusiwi kuwa juu ya kifundo cha mkono wakati wa kugonga. Masharti hayo matatu yakiwashinda, ipo njia nyingine halali: achia mpira uanguke wenyewe, bila kuurusha juu wala kuusukuma chini, uache udunde, ndipo upige utakavyo. Kwa anayeanza, sisi tungechagua hii.

Unapogonga, angalau mguu mmoja uwe umekanyaga nyuma ya mstari wa nyuma, na usiuguse mstari wenyewe. Mpira uende mshazari na uvuke jikoni pamoja na mstari wake; ukitua juu ya mstari wa jikoni ni kosa, ilhali mistari mingine ya kisanduku huhesabiwa ndani. Nafasi ni moja, hakuna ya pili kama kwenye tenisi. Mpira ukigusa wavu kisha ukatua panapotakiwa, endeleeni kucheza: marudio yalifutwa mwaka 2021.

SWALI: Nikishaanzisha hukimbilia mbele na kuupiga mpira unaporudi, nao wanasema nimekosea.

JIBU: Kukimbia si kosa, ila umepiga mapema. Anayepokea lazima auache mpira udunde, na upande ulioanzisha nao lazima uuache udunde unaporudi mara ya kwanza. Baada ya midundo hiyo miwili, kila mmoja yuko huru kupiga hewani. Kwa hiyo ukianzisha, kaa nyuma kwanza. Anayepokea ndiye mwenye sababu ya kwenda mbele haraka.

SWALI: Mwenzangu alipiga mpira hewani akiwa nje ya jikoni. Ukatua kwa wapinzani, ukadunda mara mbili, wakashindwa. Halafu yeye akapepesuka na kukanyaga mstari. Alama ni ya nani?

JIBU: Kosa ni lenu. Kama ninyi ndio mliokuwa mnapokea, alama ni ya wapinzani; kama mlianzisha ninyi, hakuna anayepata alama, ila aliyeanzisha amepoteza nafasi yake ya kuanzisha. Ukipiga hewani, kasi ya pigo lako isikuingize jikoni, hata kama mpira umeshakufa. Mstari ni sehemu ya jikoni. Kofia au miwani ikikudondoka humo kwa pigo hilo, ni kosa pia, na vivyo hivyo ukijizuia kwa kumshika mwenzako aliyesimama jikoni.

Wengi hutafsiri sheria hii vibaya wakadhani jikoni hapakanyagwi kabisa. Unaweza kuingia wakati wowote, na ukae humo upendavyo. Kilichokatazwa ni kupiga mpira ambao haujadunda. Mpira mfupi ukidunda jikoni, ingia uupige. Ila toka upesi, kwa sababu mpinzani mwerevu atakupiga mpira wa mwili ungali humo, nawe huna ruhusa ya kuugonga hewani. Na ukitoka, miguu yote miwili iguse chini nje ya mstari kabla hujapiga hewani tena. Kuruka toka jikoni na kupiga ukiwa angani hakukuokoi.

SWALI: Namba tatu zinazotajwa kabla ya kuanzisha ni za nini?

JIBU: Ni za mchezo wa wawili kwa wawili. Ya kwanza ni alama za upande unaoanzisha, ya pili za wapinzani, ya tatu inasema anayeanzisha ni wa kwanza au wa pili kwa zamu hiyo. Tuseme ni "4-6-1". Mkishindwa, mwenzako anaanzisha pale pale aliposimama, nanyi mnataja "4-6-2". Mkishindwa tena, mpira unahamia ng'ambo, nao wanataja "6-4-1". Anayeanza zamu ni yule aliye upande wa kulia.

Anayeanzisha tu ndiye anayepata alama. Mkipata, ninyi wawili mnabadilishana pande na yule yule anaanzisha tena; wanaopokea hawabadilishani. Mchezo wenyewe hufunguliwa kwa "0-0-2", yaani wanaotangulia wanapewa mtu mmoja tu, wasije wakajitengea alama nyingi mapema. Mshindi ni anayefika 11 akiwa mbele kwa alama mbili.

Mkipotea nani asimame wapi, tazameni alama zenu: zikiwa shufwa, aliyeanza mechi upande wa kulia awe kulia, zikiwa witiri, awe kushoto.

SWALI: Mpira ulikuwa unatoka nje waziwazi, nikaudaka. Kwa nini wamepewa wao?

JIBU: Kwa sababu haukuwa umedunda. Ukikugusa popote mwilini kabla ya kutua, kosa ni lako, hata ukiwa umesimama nje ya mistari. Upishe.