Soda itozwe, lakini karai nalo liulizwe

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kupandisha ushuru wa soda kutapunguza unene Mombasa?", limenikera kidogo. Limeulizwa kana kwamba unene wote unatoka kwenye friji la duka. Huku kwetu mtu hunenepa bila kugusa chupa: kwa hamri nne za asubuhi na mbaazi za tui zito, chai ya saa nne, viazi karai vya jioni, na wali wa nazi usiku ndio afunge siku. Kwa hiyo nitajibu swali ambalo hamkuuliza, kisha nitarudi kwa lenu.

Kwamba shida ipo, hilo halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta watu wazima 27 katika kila 100 nchini wana uzito uliozidi, na wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume.

Tufanye hesabu ya sukari. Soda ya mililita 300 ina gramu 32 hivi, yaani vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asipite gramu 25 kwa siku, vijiko sita. Sasa chukua vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu: gramu 36. Na hapo nimehesabu kijiko kilichosawazishwa, si kile cha hotelini chenye kilima juu. Mafuta nayo: kijiko kimoja cha mezani ni gramu 14, kalori 120 hivi, na mtu wa kilo 70 atatembea karibu nusu saa kuzichoma.

Ndipo nikakumbuka kikao kimoja cha akina mama kule Kisauni, siku chache kabla ya Ramadhani, miaka ya kabla ya korona. Afisa wa lishe, kijana mwenye adabu zake, alibandika bango lenye rangi tatu ukutani akasema futari ya mwaka huo isiwe na vitu vya karai. Viazi vichemshwe, mahamri yaokwe. Wakanyamaza. Kisha mama mmoja anayeuza mahamri alfajiri akamuuliza, "Mwanangu, wewe ushaoka hamri?"

"La, mama."

"Basi huo utakuwa mkate. Na mkate twaujua."

Walicheka sana, lakini mama hakuwa anafanya mzaha. Aliendelea kueleza kwa muda mrefu, na alichoeleza kilikuwa na maana kuliko bango. Hamri inayokunywa mafuta, alisema, ni kosa la mpishi, na mteja huijua kwa vidole. Kwanza ni moto. Kabla ya kutia, unatupa kidonge cha donge: kikizama na kukaa chini, ngoja, kikipanda mara moja huku kinatoa povu dogo dogo, tia. Akieleza, mkono wake ulikuwa unatupa kidonge hewani. Sababu yake ni kwamba moto ukiwa wa kutosha, nyuzi 180 hivi, maji yaliyomo ndani ya donge hugeuka mvuke na kusukuma nje, na mafuta hayapati njia ya kuingia. Moto ukiwa mdogo, hamri hukaa muda mrefu karaini na kuloa.

Pili, usijaze karai. Ukitia ishirini kwa pamoja mafuta hupoa papo hapo, na umerudi kwenye kosa la kwanza. Tatu, na hili wengi hawalijui, mafuta mengi huingia hamri ikishatolewa. Inapopoa, mvuke uliobaki ndani hugeuka maji, nafasi inabaki tupu, na yale mafuta yaliyoshika ganda hufyonzwa ndani. Kwa hiyo unaitikisa juu ya karai ingali moto, unaisimamisha kwenye chujio la waya, kila moja peke yake. Wanaozirundika kwenye beseni lililofunikwa kanga wanazilowesha kwa mikono yao wenyewe. Gazeti nalo linafyonza, lakini wino wake unakuja na hamri.

Afisa akaweka kalamu chini, akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Mama, sukari watia kiasi gani?" Robo kilo kwa kilo moja ya unga. Kwa nini? Wateja. Hapo mama mwingine akadakia kwamba sukari nyingi ndiyo inayoleta matatizo: hamri huwa nyekundu nje kabla haijaiva ndani, basi mpishi hupunguza moto, na moto ukipungua mafuta yanaingia. Yaani ukishusha sukari hadi gramu 150 na kuongeza iliki, umepunguza vitu viwili kwa mkono mmoja. Palikuwa na mjadala pia kuhusu kukata hamri ndogo ndogo ili watu wale kidogo. Haisaidii, vipande vidogo vina ganda kubwa kwa uzito wake, hunywa mafuta zaidi, na mtu hula sita badala ya tatu. Kuhusu viazi karai walikubaliana upesi: uji wa unga uwe mwepesi, kiazi kikauke kabla ya kuchovya, na mafuta yaliyokuwa meusi na kuanza kutoa povu zito yamwagwe, kwa sababu yanashika chakula zaidi. Ya mwisho hayo ndiyo magumu, maana mafuta ni pesa.

Kikao kikaisha. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa hayo yote. Mikakati ya afya husema "punguza vyakula vya mafuta", ikaishia hapo. Chujio la waya na kipimo cha sukari vingefika mbali zaidi Majengo na Likoni kuliko neno "acha", ambalo halijawahi kumwachisha mtu hamri.

Kuhusu mazoezi sitakaa sana. Kiwango ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kuhemesha kidogo. Watu wa Likoni walizipata bure wakati wa korona, lile daraja la miguu la Liwatoni, lililounganisha Likoni na kisiwa, lilipofunguliwa, zaidi ya kilomita moja kwenda na vivyo hivyo kurudi, na hakuna aliyeliita mradi wa afya. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina imependeza, ila anayekaa Mikindani hufika huko kwa matatu. Tupeni njia za miguu zenye vifuniko vya mitaro, taa, na miarobaini ya kivuli, hasa kwa ajili ya wanawake wanaotaka kutembea alfajiri bila kusumbuliwa na bodaboda.

Basi nilikusudia kumalizia kwa kusema ushuru wa soda ni kelele tu. Lakini nikiangalia hesabu yangu ya chai, naona kasoro. Anayetia vijiko vitatu anaviona, na kesho anaweza kutia viwili. Chupa haina kijiko. Hakuna awezaye kutoa vijiko viwili ndani yake isipokuwa kiwanda. Na kiwanda husikia lugha ya ushuru. Uingereza ilipoanza kutoza Aprili 2018, ilipanga viwango kwa sukari: kuanzia gramu 5 katika mililita 100, na kingine cha juu kuanzia gramu 8. Watengenezaji wengi walikuwa wamepunguza sukari kabla hata siku haijafika. Mexico ilitoza peso moja kwa lita tangu Januari 2014, na ununuzi ukashuka kama asilimia 6 mwaka wa kwanza, zaidi katika nyumba za kipato cha chini.

Sisi je? Sheria ya ushuru wa bidhaa ya 2015 iliweka maji ya chupa na soda kwenye fungu moja, ushuru uleule kwa lita. Katika mji ambao mifereji hukauka na maji huja kwa mkokoteni, tulitoza kiu sawa na sukari.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, na nalitoa shingo upande. Ndiyo, mkitoza kwa gramu za sukari na si kwa lita, na mkiyatoa maji kabisa. Kwa lita, kiwanda hakina sababu ya kupunguza hata chembe. Msiguse mafuta ya kupikia: Denmark ilitoza mafuta yanayoganda mwaka 2011, watu wakavuka mpaka kununua siagi Ujerumani, na Januari 2013 kodi ikafutwa. Na mjue mapema kwamba juisi ya ukwaju ya barabarani, inayokorogwa ndooni kwa sukari ya kukadiria, itapita chini ya ushuru wowote mtakaouandika. Hiyo itabidi tuifuate kwa jagi na kipimo, muuzaji mmoja mmoja, na tuanze kabla ya mwezi wa futari.