Bei ya Boxer iliyotumika, Wete

Ndugu yangu, umeuliza uiuze kwa bei gani pikipiki yako ya Boxer. Hiyo bei uliyonunulia iweke pembeni. Mnunuzi anaangalia Boxer ilivyo leo. Zunguka Wete na Chake Chake uulize zinazofanana nayo zimeuzwa kwa kiasi gani, si wenyewe wanataka ngapi. Kisha ongeza kidogo tu, ya kupatana. Kutu ndiyo itakayokushusha: huku kwetu Pemba chumvi ya bahari inakula ekzosi, rimu na chini ya tangi, na mnunuzi mjuzi anainama hapo kwanza. Isugue, lakini usiifiche kwa rangi. Tairi zimekwisha? Badilisha au punguza bei. Na tafadhali sana, usikabidhi ufunguo kabla kadi ya pikipiki haijabadilishwa jina. Mnunuzi akigonga mtu kesho, polisi watakutafuta wewe.