Anti, uwanja wa kijiji wamempa mwekezaji na sisi hatujaitwa kwenye mkutano

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni dada wa miaka 26 naishi kijiji kimoja huku Arumeru. Tuna uwanja wa kijiji, watoto wanacheza mpira na siku za gulio kina mama wanapanga nyanya. Mwezi uliopita tumeamka tunakuta vigingi vimechimbiwa, kuuliza tunaambiwa halmashauri ya kijiji ilishakaa ikapitisha, amepewa mwekezaji. Tangu tuwachague Novemba 2024 mkutano wa kijiji haujaitishwa, mapato na matumizi hatujui. Nikiongea naambiwa binti kaa chini, hayo ni ya viongozi. Na hapo mjini Arusha nasikia semina za utawala bora haziishi mahotelini, sisi huku zinatusaidia nini? – Msomaji, Arumeru

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa usikae chini. Semina sizipingi, Arusha ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapohapo, kwa hiyo lazima mambo hayo yajadiliwe. Ila utawala bora wa kwako wewe uko kwenye huo mkutano ambao hawauitishi. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ndiyo wenye kauli ya mwisho kwenye mambo ya kijiji, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, yaani hata wewe binti unayeambiwa ukae chini. Unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Na huo mkutano uliomchagua mwenyekiti una nguvu ya kumtoa pia, wengi hawajui hili.

Sasa uwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Wale wajumbe wa halmashauri wanaisimamia tu kama wadhamini, mali ni ya wanakijiji wote, kwa hiyo kusema "tulikaa tukapitisha" haitoshi kabisa, wakae hata mara kumi.

Cha kufanya, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji mkiomba muhtasari wa mkutano uliokubali kutoa uwanja pamoja na karatasi ya mahudhurio, nakala apewe diwani na mtendaji wa kata, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa palepale msiondoke bila muhuri. Mkipewa hiyo mahudhurio isomeni jina kwa jina, angalieni na tarehe, maana kuna mchezo wa kuchukua sahihi watu walizoweka kwenye mkutano mwingine kabisa, labda wa madawati ya shule, zikabandikwa nyuma ya muhtasari wa ardhi. Mkiona marehemu amesaini au mtu aliyekuwa Dar siku hiyo mtajua pa kuanzia.

Wakiwazungusha, hiyohiyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wanakijiji wasiopungua 100 wanaweza kulalamika halmashauri ya wilaya kwamba ardhi yao haisimamiwi inavyotakiwa, na wilaya inatakiwa ijitahidi kulimaliza. Watu 100 ni kazi ya jumapili moja mkitoka kanisani na siku moja ya gulio. Anzeni na kina mama wa nyanya, wao ndio wanaopoteza riziki kesho asubuhi. Mkihisi kuna hela imepita chini ya meza hiyo ni ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ila barua yenu iwe na mlichokiona kwa macho, msiandike tetesi zikawageukia.

SWALI: Mambo anti, sisi ni kikundi cha vijana Moshi mjini, tunataka kujua ile asilimia 10 ya halmashauri ya kukopesha vikundi wamekopeshwa kina nani, tukienda ofisini tunaambiwa hiyo ni siri. Ni kweli?

JIBU: Poa mwanangu. Siyo siri. Hiyo hela inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, na haina riba. Acheni kuuliza kwa mdomo, andikeni mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wanatakiwa kuwajibu ndani ya siku 30, na wakikataa watoe sababu kwa maandishi. Ombeni majina ya vikundi na kiasi kila kimoja kilichopata, namba za simu za watu msiombe, hapo ndipo watapata kisingizio.