Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa riadha

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Iten. Sisi wazima, mvua imeshika, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Ujumbe wako nimeusoma. Mwalimu mkuu amekukabidhi timu ya riadha kwa sababu tu umetoka huku kwetu, na huko Kitui wanadhani kila mtoto wa Iten huzaliwa na mbio miguuni. Ukaniuliza: "Mama, mimi ni mwalimu wa jiografia. Hata matatu sijawahi kuikimbilia. Nitawafundisha nini hawa watoto?"

Nilicheka hadi wateja wakanitazama. Bruda Colm, kocha wa mabingwa wa hapa Iten, pia alikuwa mwalimu wa jiografia.

Wewe umemjua akiwa mzee wa kupigwa picha na wageni. Lakini Colm O'Connell alipofika shule ya sekondari ya St Patrick's hapa Iten mwaka 1976 kutoka Ireland, bruda kijana wa shirika la Mtakatifu Patriki, alikuja kushika chaki. Riadha ilikuwa chini ya Mwingereza wa kujitolea, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Bruda akawa anamsaidia jioni baada ya masomo. Mwaka uliofuata Foster akarudi kwao, na vijana wakabaki na mtu ambaye hakuwa mkimbiaji na hakuwa na cheti chochote cha ukocha. Sasa unaona kwa nini nilicheka.

Alichokuwa nacho ni macho. Hilo nimelishuhudia mwenyewe, maana vijana wake walipita mbele ya kibanda changu cha chai miaka na miaka. Mgeni anayekuja kuona mazoezi ya mabingwa hutarajia vumbi litimke, halafu anakuta kundi la vijana wakijikokota kwa mstari, polepole hivi kwamba bibi mwenye mzigo wa kuni angewapita. Bruda kasimama kando, anatazama. Mabega yamekazana? Mikono inavuka kifua? Mguu unatua wapi? Anamwita mmoja, anamgusa kiwiko, anasema maneno mawili, anamrudisha kwenye mstari. Basi. Kesho yake hivyohivyo. Sikuwahi kumsikia akimfokea mtoto barabarani, na unajua walimu wa michezo wa wakati ule walivyokuwa na filimbi na fimbo.

Na alikuwa akiwajua. Kijana aliyemwona uwanjani jioni ndiye aliyemsomea daftari asubuhi. Alijua nani amelala njaa na nani karo haijalipwa. Baadaye hata ukuu wa shule aliushika kwa miaka kadhaa, na bado jioni ulimkuta kule nje. Mimi naamini, na hapa mjini wapo watakaonibishia, kwamba siri yake ilikuwa hapo kuliko kwenye hewa ya mita 2,400 wanayoisifu kila siku. Hewa hii tumeivuta sote, na mimi sijashinda kitu.

Matunda yake unayajua. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza, na mwaka uliofuata akashinda Boston kwa kumzidi Juma Ikangaa wa Tanzania sekunde moja tu. Mwaka huohuo wa 1988 Peter Rono akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kule Seoul akiwa na miaka 21. Matthew Birir akafuata Barcelona 1992, mbio za kuruka viunzi na maji. Hiyo miti yenye vibao pale shuleni ulikuwa ukiipita tu. Kila mti ni wa bingwa mmoja. Ila mimi huwa nawatajia watu jambo jingine: Hussein na Rono wote walikwenda vyuo vikuu Marekani kwa sababu ya miguu yao.

St Patrick's ni shule ya wavulana, lakini kambi zake za wakati wa likizo zilichukua wasichana pia, siku ambazo wazazi wengi hapa waliona msichana mwenye bukta ni aibu ya ukoo. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 kule Osaka 2007, ni wa mikono yake. Kwa hiyo usikubali wakuambie timu ni ya wavulana kwanza.

David Rudisha alikuja kwa Bruda akiwa kijana mrefu wa Kimaasai, anakimbia mita 400 kama baba yake Daniel, aliyeleta fedha ya kupokezana vijiti kutoka Mexico 1968. Bruda akamtazama, akamwelekeza kwenye mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana, na dhahabu ya Olimpiki haikuja mpaka 2012. Hesabu hiyo miaka, mwanangu, kabla hujaahidi mtu kikombe muhula huu. Siku ile ya London kibanda kilijaa hadi nje. Akaongoza tangu mwanzo bila wa kumvuta, 1:40.91, rekodi ya dunia. Aliyefika wa mwisho katika fainali ile muda wake ungetosha kushinda dhahabu Beijing miaka minne nyuma. Nilitoa chai ya bure, baba yako akaninunia wiki nzima.

Sitaki udhani kila anayekimbia hapa hufika. Daftari langu la madeni lina majina ya vijana walioacha shule kidato cha tatu wakisubiri meneja wa Ulaya awaone. Wengine bado wanasubiri, na ndevu zimeota mvi. Mtoto akikuambia anataka kuacha masomo akimbie, mkatalie, hata kama ni mwepesi kuliko wote.

Jumatatu usianze na saa wala filimbi. Watoe nje, watembee, kisha wakimbie polepole, nawe usimame mahali pamoja uwatazame. Andika jina na unachokiona. Viatu nimekutafutia sokoni: raba jozi kumi na mbili za mtumba, mbili zimelegea soli, mpelekee fundi. Nimezitia kwenye basi la Ijumaa usiku kwenda Nairobi, na utingo atazikabidhi gari la Kitui. Kazipokee stendi mapema, na risiti nimekutumia kwa simu.

Mama yako