Dada, ifiche simu masaa mawili

Dada yangu, umesema duka lako la Kikuubo, kule kwenye biashara nyingi za Kampala, halikuachi upumue: mchana wateja, usiku makundi ya WhatsApp, hata Jumapili unajibu bei ya sukari ukiwa mezani na watoto. Pole sana. Nami nilikuwa hivyohivyo, mpaka siku mwanangu aliponishika kidevu akanigeuza uso nimtazame. Iliniuma.

Anza na masaa mawili tu kwa wiki. Mimi Jumapili jioni naiacha simu ndani ya debe la unga, napanda teksi hadi Entebbe, kwenye ile bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898. Nakaa karibu na maji ya Ziwa Viktoria, nawatazama mbega wakiruka mitini. Mwanzoni mkono unaenda mfukoni wenyewe, vumilia, hupita. Halafu yanakuja mawazo uliyoyasukuma pembeni siku nyingi, na mengine yanaliza. Yaache yaje.

Wateja waambie mapema kwamba saa hizo hupatikani. Waliokuzoea watarudi Jumatatu. Nauli ikikosekana, hata kibarazani kwako panatosha, wewe na watoto na chai.